Mtoto Wako Yuko Wapi, na Nani Mwingine Anajua?

Hofu inayomfanya mzazi apakue programu ya kumfuatilia mtoto kwa simu ni hofu halali, na sitaki mtu atoke ukumbini humu akidhani nimekuja kuibeza. Mtoto wa Dar es Salaam anayesoma mbali na kwao huondoka nyumbani giza halijatoka. Anatembea hadi kituoni, anagombania daladala na watu wazima, na wazazi hawamwoni tena mpaka jioni. Anayempenda mtoto huyo akisikia kwamba kuna programu isiyo na malipo itakayomwonyesha kwenye ramani saa yoyote, atasitaje? Anaipakua usiku huohuo. Wengi wameshaipakua, na hao ndio ninaotaka kusema nao zaidi.

Hoja yangu ni moja. Programu ya bure inayomfuata mtoto usiku na mchana humpa mzazi kitu kidogo kuliko anavyodhani, na huwapa watu asiowajua kitu kikubwa kuliko anavyodhani. Mzazi anayetaka kutumia simu kumlinda mwanawe aitumie kwa safari maalumu, kwa muda wenye mwisho, na mtoto mwenyewe akijua. Nguvu itakayobaki ina mahali pengine pa kwenda, nami nitapataja kabla sijamaliza.

Tuanze na kile anachopewa mzazi. Simu janja hujua ilipo kwa kusikiliza mawimbi ya setilaiti, kwa kupima minara ya mitandao iliyo karibu, na kwa kutambua vituo vya Wi-Fi vinavyoizunguka. Mahali pa wazi, penye anga tupu, setilaiti huiweka simu ndani ya mita tano hivi. Lakini mtoto haishi uwanjani. Akiingia kwenye jengo la ghorofa Kariakoo, au kwenye uchochoro wa mabati ulioshonana, mawimbi yanagonga kuta na kurudi, na nukta inaanza kuhama mtaa wakati mtoto amekaa palepale. Ramani haisemi yuko ghorofa ya pili au ya sita. Kijijini ambako minara imetawanyika, simu isiyopata setilaiti vizuri inaweza kukosea kwa kilomita nzima au zaidi. Na hayo yote ni pale ambapo simu ina chaji, ina bando, na programu yenyewe bado inafanya kazi. Simu nyingi za bei nafuu katika maduka yetu zimeundwa kuzima programu zinazokimbia chinichini ili betri idumu, kwa hiyo nukta anayoitazama mama saa kumi jioni huenda ni ya saa saba mchana. Na mtoto mwenye kiswaswadu, ile simu ndogo ya vitufe, ambaye ndiye mtoto wa familia nyingi, hayumo kabisa kwenye mpango huu.

Basi tuseme simu ni nzuri, bando lipo, na nukta ni sahihi. Inaonyesha nini? Mchukue msichana wa kidato cha pili anayesubiri usafiri kituoni baada ya masomo. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo, makondakta wengi hawamtaki kwa sababu hiyo, na anasimama pale saa nzima, pengine saa mbili. Nukta imetulia kituoni, mahali anapotakiwa kuwa. Mama yuko ofisini, anatazama, anaridhika. Katika muda huohuo kijana wa bodaboda amesimama karibu kwa siku ya tatu mfululizo, na leo anatoa lifti. Kesho atanunua chipsi. Siku msichana atakapopanda pikipiki ile, nukta itasogea kwenye barabara ileile ya kwenda nyumbani, kwa mwendo ambao hata daladala ingekuwa nao, na ramani haitakuwa na la kusema. Mwenye habari hii ni msichana mwenyewe. Ikiwa nyumbani hakuna anayeweza kuambiwa, hakuna setilaiti itakayoisema kwa niaba yake.

Haya siyasemi kwa kukisia. Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yakatolewa mwaka 2011. Karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Miongoni mwa wasichana hao, karibu nusu walitaja tukio lililotokea nyumbani kwa mtu, na takriban robo walitaja tukio la njiani, wakitembea kwenda au kutoka shule. Majirani walitajwa sana, sawa na watu wasiojulikana. Jambo lililoniuma kuliko yote katika ripoti ile ni kwamba karibu nusu ya wasichana walioumizwa, na wavulana wengi kuwazidi, hawakumwambia mtu yeyote. Nyumba ya jirani kwenye ramani ni mahali salama. Ukiweka mpaka wa kidijitali kuzunguka mtaa wenu ili simu ikupigie kengele mtoto akitoka nje yake, umemwekea uzio mtaa ambao jirani huyo yumo ndani.

Sasa tugeuke upande wa pili, wa kile ambacho mzazi anatoa. Fungua programu yoyote ya aina hii na usome inachoomba siku ya kujiandikisha: jina la mtoto, picha yake, namba ya simu, mara nyingi tarehe ya kuzaliwa. Kisha inakutaka uweke alama mahali muhimu, nawe unaandika kwa mkono wako: nyumbani, shule, madrasa, kwa bibi. Halafu inaomba ruhusa ya kujua mahali, na kwenye simu za Android kuna chaguo la kuruhusu programu inapotumika tu na lingine la kuruhusu wakati wote. Programu hizi zinataka la pili. Kwa dakika tano umemkabidhi mtu usiyemjua ratiba ya maisha ya mtoto, ikiwa na anwani na majina juu yake. Seva zinagharimu fedha, na wahandisi wanalipwa mishahara. Kama wewe hulipi, kuna anayelipa.

Mfano uliochunguzwa vizuri zaidi ni wa Life360, kampuni ya Marekani ambayo programu yake ya familia ni maarufu kuliko nyingi duniani. Desemba 2021 chombo cha habari za uchunguzi kiitwacho The Markup kilifichua kwamba kampuni hiyo, wakati huo ikiwa na watumiaji takriban milioni 33, ilikuwa ikiuza taarifa za mahali pa watumiaji wake, watoto kwa wazazi, kwa madalali wa taarifa wapatao kumi na wawili. Mkuu wa kampuni hakukana kwamba biashara hiyo ipo. Alieleza kuwa ndiyo inayosaidia huduma ya msingi ibaki bila malipo kwa watumiaji wengi. Mwezi uliofuata kampuni ikatangaza kuacha kuuza taarifa za mahali kwa madalali, ikibakiza washirika wachache. Niseme kwa haki: kampuni hiyo ilibadilika. Lakini ilibadilika baada ya kufichuliwa, na taarifa iliyokwisha kuuzwa hairudi kabatini.

Huo ni uuzaji wa makusudi. Uzembe nao upo, na kwa mtoto unaweza kuwa mbaya zaidi. Machi 2019 iligundulika kwamba programu iitwayo Family Locator, iliyotengenezwa Australia, ilikuwa imeacha hifadhi yake ya taarifa wazi mtandaoni bila nywila. Zilikuwamo taarifa za watu zaidi ya 238,000: majina, barua pepe, picha, nywila zilizoandikwa bila kufichwa, na mahali kila mwanafamilia alipokuwa wakati huohuo, pamoja na yale majina ambayo wazazi waliyapa maeneo yao. Kabla ya hapo, Oktoba 2017, Baraza la Watumiaji la Norway lilijaribu saa nne za mkononi za kufuatilia watoto, likakuta kwamba mgeni angeweza kuzivamia baadhi yake, akajua mtoto alipo na hata kumsikiliza. Mwezi uliofuata Ujerumani ikapiga marufuku saa za watoto zenye uwezo wa kusikiliza kwa siri na kuwataka wazazi waziharibu. Hivyo ni vifaa vilivyonunuliwa na wazazi kwa fedha zao, kwa nia njema kabisa.

Wapo wanaojibu kwamba taarifa zikiuzwa huondolewa majina, kwa hiyo mtoto hajulikani. Jibu hili lingekuwa na uzito kama mwendo wa mtu usingekuwa na sura yake. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Yves-Alexandre de Montjoye walichambua mienendo ya simu za watu milioni 1.5 na kuonyesha kwamba nukta nne tu za mahali na saa zinatosha kumtofautisha mtu na wengine wote kwa asilimia 95 ya watu hao. Kwa mtoto kazi ni rahisi zaidi. Simu inayolala nyumba fulani kila usiku na kushinda shule fulani kila siku ya kazi, ukienda mtaani ukauliza, utaambiwa ni ya mtoto wa nani.

Wengine husema haya ni mambo ya Marekani na Ulaya, kwetu hakuna madalali wa taarifa. Lakini programu zilizomo kwenye simu zetu ndizo hizohizo. Novemba 2020 tovuti ya habari ya Motherboard iliripoti kwamba Muslim Pro, programu ya nyakati za sala na kibla ambayo mamilioni ya Waislamu duniani wanaitumia, ilikuwa ikipeleka taarifa za mahali kwa dalali wa Marekani aitwaye X-Mode, ambaye miongoni mwa wateja wake walikuwamo wakandarasi wa jeshi. Wenye programu walitangaza kukata uhusiano huo. Januari 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani ikamzuia X-Mode, aliyekuwa amebadili jina, asiuze taarifa nyeti za mahali. Lakini amri ile haikutoka Dodoma wala Nairobi, na mtu wa Unguja aliyekuwa akitafuta kibla hakuulizwa lolote. Kama programu ya sala ilipita njia hiyo, sioni sababu ya kuamini kwamba programu ya watoto iliyotengenezwa na watu wasiotaja hata anwani ya ofisi yao itakuwa na staha zaidi.

Sheria tunazo. Kenya ilipitisha Sheria ya Kulinda Data mwaka 2019, na kifungu chake cha 33 kinataka taarifa za mtoto zishughulikiwe kwa ridhaa ya mzazi au mlezi na kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume ya kuisimamia. Sheria hizi si maandishi matupu: Septemba 2023 Kamishna wa Data wa Kenya aliitoza shule moja ya Uthiru shilingi za Kenya milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Ila tazama ugumu uliopo hapa. Shule ina geti, ina mwalimu mkuu, barua ya kuitwa inafika. Programu ya bure yenye seva katika nchi ya tatu haina geti. Na ridhaa ambayo sheria inaitegemea ni ile uliyoitoa wewe mzazi, kwa kubonyeza kitufe chini ya kurasa za Kiingereza usizozisoma.

Nakuja kwenye pingamizi zito kuliko yote. Je, mtoto akitekwa? Hapo nukta moja haiwezi kuokoa maisha? Inaweza, na sitabishana na hilo. Polisi wakijua mahali simu ilipoonekana mara ya mwisho, wana pa kuanzia, na saa za mwanzo ni za thamani. Lakini anayemchukua mtoto kwa nguvu huanza na simu: anaizima au anaitupa. Kinachobaki ni mahali pa mwisho, na hapo panaweza kupatikana kwa huduma ya kutafuta simu iliyopotea ambayo tayari imo ndani ya simu, pasipo kumkaribisha mtu mwingine. Tena mtoto aliyepotea sokoni au aliyeshuka kituo kisicho chake humhitaji kwanza mtu mzima wa karibu na namba ya mzazi aliyoikariri kichwani. Mtoto wa miaka sita anayejua namba ya mama kwa moyo ana ulinzi usioisha chaji. Namwomba kila mzazi aliyemo humu ajiulize kama wake anaijua.

Pingamizi jingine ni la haki: mimi ndiye mzazi, mtoto ni wangu, siri gani aliyo nayo? Mkataba wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 umelijibu vizuri katika ibara ya 10. Unampa mtoto haki ya faragha, na hapohapo unampa mzazi haki ya kumsimamia kwa kiasi kinachofaa. Waafrika walioandika ibara hiyo hawakumnyang'anya mzazi mamlaka. Walimwekea kipimo. Kumshika mkono mtoto wa miaka saba kunafaa, na kumfuata kwa siri kijana wa miaka kumi na sita kila anakokwenda, pamoja na zahanati aliyoingia, ni jambo lingine.

Na hata tukiacha haki tukatazama faida tu, ufuatiliaji wa siri unaharibu kitu ambacho ulinzi wote unakitegemea. Mwaka 2000 Håkan Stattin na Margaret Kerr walichapisha utafiti wao wa vijana zaidi ya 700 wa miaka 14 nchini Uswidi pamoja na wazazi wao. Kwa miaka mingi wataalamu walikuwa wameamini kwamba wazazi wanaojua mengi kuhusu watoto wao ni wale wanaofuatilia sana. Stattin na Kerr walikuta vinginevyo: wazazi waliojua mengi walijua hasa kwa sababu watoto wao waliwaambia wenyewe, kwa hiari. Uswidi si Tanga wala Kisumu, nakubali, na malezi hutofautiana. Lakini rudisheni macho kwenye utafiti wetu wa 2009, kwenye wale watoto ambao hawakumwambia mtu. Tatizo ni lilelile, na kwetu ni kali zaidi kwa sababu mtoto wetu hulelewa kunyamaza mbele ya wakubwa. Kijana akigundua kwamba baba amekuwa akimwona kwenye ramani miezi sita bila kumwambia, atajifunza kuiacha simu kwa rafiki, na atajifunza kwamba nyumbani hakuna mazungumzo. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walisoma maoni 736 ambayo watoto wenyewe waliandika kuhusu programu 37 za udhibiti wa wazazi. Sehemu kubwa ya maoni hayo ilikuwa malalamiko, yakiwamo kwamba programu zimeharibu uhusiano wao na wazazi.

Kuna familia ambazo hoja yangu inazihusu kwa namna nyingine. Mtoto mwenye usonji anayetoka nyumbani bila kujua hatari, au asiyeweza kutamka jina lake, anaweza kuhitaji kifaa kinachomwonyesha kila saa. Mama wa mtoto huyo asijisikie kuhukumiwa na lolote nililosema. Ninachomwomba ni achague kifaa cha kampuni inayojulikana, hata kama ni cha kulipia, na familia au jumuiya yake imchangie. Yeye ndiye mwenye haja ya kweli, na kwa sababu hiyo ndiye ambaye uvujaji utamdhuru zaidi.

Kwa wengine waliobaki, njia ipo na haiongezi gharama. WhatsApp, ambayo karibu kila mzazi mwenye simu janja anayo, tangu 2017 inamwezesha mtu kumtumia mwenzake mahali alipo mubashara kwa dakika 15, saa moja au saa 8, kisha inajizima, na ujumbe huo umefungwa ili asiuone ila aliyetumiwa. Kijana wa sekondari anayesafiri kwenda kwa bibi Morogoro anawasha akipanda basi, akifika kumekwisha. Yeye ndiye anayebonyeza. Hicho ndicho kinachonifanya niipendekeze, kwa sababu anayebonyeza kwa hiari ni mtoto ambaye bado anataka ujue. Sisemi kwamba mwenye WhatsApp ni kampuni isiyopenda taarifa za watu, la. Nasema tu njia hii inatoa kidogo, kwa muda mfupi, kwa mtu mmoja.

Niliahidi kupataja mahali pa kupeleka nguvu iliyobaki. Barabara ndiyo inayoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, na kwenye barabara nukta haisimamishi gari. Dar es Salaam ilitoa mfano ambao dunia iliutambua: shirika la Amend lilijenga njia za miguu, matuta, vivuko na alama kuzunguka shule za msingi zenye hatari kubwa, majeruhi miongoni mwa wanafunzi wakapungua kwa takriban robo, na mwaka 2019 mradi huo ukashinda tuzo ya kimataifa ya WRI Ross kwa miji. Tuta moja mbele ya shule humlinda mtoto wa mwenye simu na wa asiye nayo. Kamati ya shule inayokutana kudai tuta, na wazazi wanaomkabili kondakta anayewaacha wanafunzi kituoni, wanafanya kazi ambayo hakuna programu iliyoifanya.

Leo mkirudi nyumbani, kaeni na mtoto mshike simu yake pamoja, si usiku akiwa amelala. Fungueni mipangilio, mtazame kila programu yenye ruhusa ya mahali wakati wote, na kila ambayo hakuna kati yenu anayeweza kueleza kwa nini inaihitaji, iondoeni. Kama mlikuwa mkimfuatilia bila kumwambia, mwambieni leo. Na mpeni namba 116, simu ya msaada kwa watoto. Inapigwa bila malipo Tanzania na Kenya, na anayeipokea ni mtu wa kusikiliza.